Mizani

Alhamisi usiku ndugu yangu hanywi.
Amekaa kwenye sauna ya babu, nje kidogo ya Oulu,
benchi la juu, taulo kichwani, suti ya plastiki mwilini.
Zamani ukoo wetu uliwaoshea humu maiti wake,
na mama alizaliwa humu, Februari, baridi ikipasua miti.
Watu huingia kupumzika. Jarno huingia kupungua.

Namwaga maji juu ya mawe: chwaa!
Mvuke unamkamua kama shuka.
Anatema mate chupani, tone kwa tone, kwa hesabu ya gramu.
— Bado ngapi, Virpi?
— Mia sita.
— Hizo ni za roho, anasema. Nitaiacha hapa, Jumapili niipitie.

Wanasema mvumilivu hula mbivu.
Huyu kavumilia miaka kumi na minne
akala vidari vya kuku vilivyochemshwa bila chumvi.

Pambano la kwanza lilikuwa ukumbi wa shule, Kemi:
euro mia mbili na begi la mgongoni lenye jina la duka la matairi.
Mimi nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno,
damu ya kinywa naijua; ya nyusi nilijifunzia usoni pake.
Gdańsk alimtia mtu kabali, sekunde arobaini na moja,
tukala soseji barabarani, tukacheka mpaka tukalia.
Halafu Leeds.
Leeds sikuiona ngumi ilikotoka.
Alifumbua macho akaniuliza, kwa upole,
kama mgeni anayeuliza njia:
— Tunaingia saa ngapi?
Nikamwambia, bado kidogo.
Sijui kwa nini nilimwambia hivyo.

Kizimbani ndiko husimama washtakiwa.
Naye alipanda, komeo likashuka nyuma yake,
majaji watatu wakashika kalamu,
kosa halikusomwa.
Mara ishirini na saba.
Kumi na tisa alitoka huru, nane alifungwa,
na kifungo cha Leeds bado anakitumikia
kila anapozitafuta funguo za gari
zilizo mkononi mwake.

Ijumaa, soksi kavua, pete kavua,
akapanda. Sitini na tano na nukta saba.
Mwili uliokatwa silabi, silabi,
mpaka ukatosha ubetini.
Wapiga picha wakamwambia atunishe misuli.
Akatunisha alichokuwa nacho.

Jumamosi, Tampere, namfunga bandeji,
kati ya vidole, kifundoni, tena kati ya vidole.
Mikono hii naijua kuliko ya mume wangu.
Kijana wa Malmö yuko chumba cha pili,
miaka ishirini na miwili, masikio bado mazima.

Raundi ya pili akampanda mgongoni,
miguu kiunoni, mkono chini ya kidevu.
Miaka yote hiyo Jarno hakuwahi kusalimu amri.
Heri azimie, alikuwa akisema, nizimie mimi, siyo jina.
Nikauona mkono niliofunga unainuka.
Nikadhani anatafuta kidole cha kukibandua.
Makofi matatu, mepesi, begani mwa kijana,
vilevile anavyompigapiga binti yake Enni
ili alale.
Ukumbi mzima ukafuata kupiga makofi.
Ya kwake yalitangulia.

Jumapili kaja kuipitia, kama alivyosema.
Benchi la chini safari hii, bila suti, bila taulo.
Mizani ya babu ya kupimia viazi iko pale pale mlangoni,
ameipita kama jirani aliyemkosea.
Theluji inaporomoka paani, puu, kisha kimya.
Mkononi ana chupa ya lita nzima.

— Virpi. Leeds nililala muda gani?

Safari hii nikamwambia. Dakika tatu.

Akaitazama chupa kwenye mwanga wa dirisha,
akanywa, koo likipanda na kushuka,
akanywa yote, akanipa tupu, akasema:
— Mwaga.