Utenzi wa Mbuzi Asiye na Cheti

Sikizeni langu jambo
la safari na mitambo,
halina chumvi na pambo,
la Wajaja, mwezi juzi.

Basi letu toka Sharja
likatushusha Wajaja,
tupange foleni moja
ya jua na usingizi.

Nilibeba vyangu vitu:
kanga mbili na viatu,
na dagaa, kilo tatu,
na amana ya shangazi.

Shangazi yangu wa Barka,
tui la kopo kachoka,
simuni aliropoka:
"Mwana, niletee mbuzi!"

Si wa pembe na mkia,
ni ubao wakalia,
chuma kinachungulia,
meno tele, mla nazi.

Kijana jina Yarubu,
kofia, sare, adabu,
ndevu kachonga kwa tabu
kama mstari wa uzi.

Kwa Kiarabu kasema:
"Je, una nyama, mnyama,
au kitu cha lawama
umebeba? Sema wazi."

Kiarabu changu duni,
cha kununua sokoni,
nikakosa la kubuni,
nikasema tu: "Ni mbuzi."

Uso wake ukang'aa:
"Mbuzi! Neno nalijua!
Bibi alinitajia
siku zangu za malezi.

Yuko wapi? Yuko hai?
Mbona kulia halii?
Cheti cha chanjo hutoi?
Huo, dada, ndio wizi!"

"Yumo begini," nasema.
Karudi hatua nyuma:
"Begini! Huna huruma?
Apate wapi pumzi?"

Akabofya kwa weledi
jina langu na idadi.
"Rangi?" Nikajibu: "Udi."
"Hula nini?" "Hula nazi."

Akaitwa wa mifugo,
Kuruvila, si mdogo,
akihema kwa mzigo,
mkoba wake wa ngozi.

Akavaa zake glavu,
zipu kavuta kwa nguvu,
kapapasa wapi mbavu,
akakuta meno wazi.

"Meno mazuri," kasema,
"ila hana hata nyama,
na moyo umeshazima:
huyu kafa tangu juzi."

Nyuma watu wanacheka,
dereva naye afoka,
mwana wa mtu ataka
kumbembeleza mbuzi.

Akaja Bibi Zuwena,
sajini, mkali sana,
chai mkononi ana:
"Kuna nini? Upuuzi!"

Kaona, akanyamaza,
chai mezani kasaza,
sare yake akakaza,
akamkalia mbuzi.

Pale pale forodhani,
kakaa mguu pembeni,
mikono iko hewani
yakuna pasipo nazi.

"Mama yangu wa Sohari,
Ijumaa alfajiri,
hunipandisha kwa shari
ndipo tupate mchuzi.

Tazameni hiki chanda,
kovu lake halikwenda,
nilikuwa nampenda,
kaniuma huyu mbuzi.

Yarubu, futa haraka!"
Akabofya, akachoka:
"Mkubwa, hajafutika,
ameshaingia mbuzi."

Basi muhuri kagonga,
siku kumi akapanga,
nikafunga zangu kanga,
tukaondoka na mbuzi.

Siku ya kumi narudi,
Yarubu mwenye juhudi
akauliza kusudi:
"Dada, yuko wapi mbuzi?"

"Nimemwacha huko Barka,
kwenda Sharja hakutaka,
jikoni anasifika,
amepata na makazi."

Ndevu zake zikapinda,
kicheko kikamshinda,
muhuri kagonga: "Nenda!
Msalimie shangazi."

Hata leo mashineni
yumo, hatoki nchini,
hana viza mkononi
na hakuna pingamizi.

Mimi, mtu, nina hati,
picha, alama, na cheti,
nasimama, sina kiti:
kiti chenyewe ni mbuzi.