Hesabu za Mjomba Genivaldo

Mjomba Genivaldo amekufa mara kumi na moja
na kila mara amerudi nyumbani na risiti.
Daftari natunza mimi, maana yeye
ni hodari wa kubeba, si wa kuandika:
mitungi ya gesi, mmoja kila bega,
ngazi mia mbili na kumi na nne kutoka lami
hadi kwetu juu, Morro da Peneira,
Kilima cha Chekeche. Angalia kuta, utajua
aliyekibatiza hakukosea.

Kifo cha kwanza, wino wa bluu:
risasi ya kisogo, akitoka dukani kwa Seu Anacleto,
mkate bado u kwapani.
Reali themanini, na mkate akaachiwa.
Cha nne alitupwa kutoka paa la Dona Zulmira
juu ya magodoro; tangi la maji likapasuka kwelikweli.
Siku tatu hatukuoga. Filamu ikapata tuzo.
Cha saba, usiku, chini ya mvua ya mpira wa bomba.
Damu ilikuwa sharubati ya mahindi,
sisimizi wakamfuata hadi kitandani.

Neno la kusema hapewi.
Mara moja tu, kifo cha tisa, aliruhusiwa: "A..."
Tukabishana mwezi mzima ni neno gani lile.
Yeye anasema: "Alzira, epua maharage."

Watoto wa ngazini humpa alama, sita, saba,
"Mjomba, unarusha mikono mno!"
Wanajua wanachosema.
Wamewaona wanaoanguka bila mshahara:
hawarushi kitu, hukaa chini taratibu
kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka.
Na bibi, runinga ikiwaka, hugeuza kiti,
huzungumza na ukuta: "Wamekwisha kummaliza?
Haya, niambieni akishaoga."

Basi ile Alhamisi.
Otaviano, mwongozaji, wa kutoka São Paulo,
kofia ya ukindu, koo limekauka kwa kupiga kelele,
alikuwa hajasema "anza."
Juu kabisa tiara nyekundu ilikatwa uzi.
Alzira akazima jiko.
Milango ikafungwa, mmoja, mmoja, kisha yote,
na wageni wakabaki wamesimama na nyaya zao
wakiulizana nani katoa amri.

Risasi za sinema hubweka.
Zile nyingine hupasua, kama kanga kuukuu
inayochanwa iwe nepi.

Mjomba alilala ngazi ya tisini na tatu
juu ya Kauê, mtoto mwenye kushika kioo cha mwanga.
Hakurusha mikono. Hakutafuta kamera.
Alijitandaza tu, mkubwa, mzito,
shavu kwenye saruji, jicho moja wazi.
Na Otaviano, nyuma ya pipa, kwa mnong'ono:
"Maridadi. Usikate. Usikate."

Dakika kumi na moja.
Kisha jogoo, kisha redio ya mtu, kisha wote tukainuka.
Wote; nimehesabu mara mbili.
Kauê alipoteza jino, akalitafuta mpaka magharibi.

Sekunde nne zimo ndani ya filamu.
Wamezitilia fidla.
Kwenye uwanja, shuka la Dona Zulmira likiwa skrini,
watu walioona jino likitafutwa
walitazama kimya, na hakuna mtoto aliyetoa alama.

Nilishuka hadi ofisini kwao na daftari.
Mhasibu alikuwa mpole, alinipa maji baridi.
Tukio lile, akasema, halimo kwenye mkataba.
Nikaandika kwa penseli: Kumi na mbili. Hakijalipwa.

Jioni mjomba akaomba aone.
Akalamba kidole gumba, akausugua mstari ule
mpaka karatasi ikatoboka.
"Siku ile sikufa," akasema. "Usiwachanganyie hesabu."
Kisha, mtungi ukiwa tayari begani:
"Zulmira anadaiwa miwili, au mitatu?"