Ubavu wa Saba

Kajaani, Machi. Theluji bado imekalia paa la gereji.
Vieno analaza bawa juu ya taulo:
seng'enge imeichana shashi ya njano
toka nchani hadi ubavu wa saba.

Kiraka hataki. Kiraka juu ya mpasuko
ni kumvika mgonjwa kanzu ya sikukuu.
Anakata kwa wembe, anabandua,
na pale, kwenye balsa, penseli ya Tauno:
*Huu nimeukata vibaya. Samahani.*

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa
neno hilo hakulisikia,
kumbe aliambiwa ubavu.

Anapaka vanishi kingoni, anatandaza shashi mpya,
ananyunyiza maji. Inalegea, inakunjamana
kama uso wa mtoto kabla ya kilio;
ikikauka inajikaza yenyewe.
Igonge kwa ukucha: inaitika, tu.

Njano hii si njano ile iliyoliwa na jua.
"Tuongeze rangi, bibi?" Aarni anauliza.
"Koti moja latosha. Kushoto kukizidi uzito
itakuwa inapinda,
inapinda tu kurudi nyumbani."

Akanyamaza.
Akachovya brashi tena, akaipeleka kushoto.