Tuna Kumi na Saba

Kwenye fomu ya chuo safu ya kwanza ni tarehe,
ya pili kina cha maji, ya tatu imeandikwa: tuna.
Ndivyo Wamaori wamwitavyo mkunga wa mto huu,
na mimi, fundi wa maabara niliyetoka mbali,
naisoma kila asubuhi kwa ulimi wa mama:
tuna kumi na saba.
Tuna tisa.
Tuna wawili, na mvua.

Chuo chetu kidogo kimebanwa kati ya kiwanda cha maziwa
na uwanja wa raga. Langoni kimejiandika kwa shaba:
Utafiti kwa Ajili ya Mto na Watu Wake.
Shaba hung'arishwa kila Ijumaa.
Lakini ili kuujua umri wa mkunga, sharti umuue.
Unapasua kichwa, unatoa kijiwe cha sikio
kidogo kuliko punje ya mchele,
unahesabu pete zake kama za mti.
Themanini na moja, nilihesabu siku moja,
nikanawa mikono mara mbili.

Bi Ripeka Tāwhara alikuja na mjukuu wake, Anahera,
mwanafunzi wetu, macho yake yakiwa kwenye viatu.
Dakta Maitland akamsogezea bibi karatasi ya ridhaa.
Akaisoma yote, hata maandishi ya chini,
akauliza: "Na mto utatia sahihi wapi?"
Hakuna aliyecheka. Friji ilinguruma badala yetu.
Akasogea kwenye chupa, akasoma lebo moja moja.
"Huyu wa kidimbwi cha juu, mwenye kovu ubavuni,
mngeniuliza. Aliingia mwaka tuliomzika kaka yangu."

Kuuliza si ujinga, nilifunzwa utotoni.
Sikufunzwa kwamba kutouliza kunanuka spiriti.

Makala ilichelewa miaka miwili.
Mhakiki mmoja, asiye na jina, alilalamika
kwamba sampuli imepungua. Kweli, imepungua:
vijiwe tulivirudisha majini mwezi wa Juni,
alfajiri ya baridi, Kilimia kilipochomoza,
kile ambacho hapa huitwa Matariki.
Bi Ripeka alisali kwa sauti ya kawaida,
kama anayempigia jirani hodi.
Dakta Maitland alisahau kuvua glovu.

Fomu sasa ina safu nyingine: nani amesema.
Hatuchinji tena. Tunapima urefu, tunawaachia,
tunakwenda kwa bibi tukiwa na mkate na maswali.
Ila mikunga hawarudi kwa kupendezwa na fomu.
Leo mtego umeleta majani na kopo la bia.
Tuna, inasema karatasi, kisha mstari mtupu.

Nikamwambia Anahera kwamba kwetu neno hili
halisimami peke yake, lazima useme tuna nini.
Akataka nilipasue. Nikalipasua:
tu, ni sisi. Na, ni pamoja na.
Akaliandika pembeni kwa penseli,
maana wino haushiki karatasi iliyolowa.