Lumbesa

Sisi wa Urambo tulimwita Bwana Jiwe.
Kwenye faili aliandikwa Kapela Mihambo,
mkaguzi wa vipimo, cheo ambacho hakikupanda
tangu treni ilipokuwa bado na behewa la chakula.

Alikuja kwa baiskeli, na sanduku
lenye mawe ya shaba yaliyolala kwenye flaneli
kama vifaranga: kilo mbili, kilo, nusu, robo,
hadi kale ka gramu tano
tulikokuwa tukigombania kukashika.
Hakuruhusu. Alisema jasho la mkono lina uzito.

Siku ya soko la tumbaku alifika kabla ya wanunuzi.
Aliichutamia mizani kama mkunga,
akapandisha jiwe, akashusha, akasubiri sindano itulie,
nasi watoto wa wakulima tukasubiri naye
tukinuka moshi wa mabani,
kwa sababu kilo tatu za kuibwa katika kila robota
ndizo zilikuwa daftari, ndizo zilikuwa viatu.

Mwaka mmoja mnunuzi alimtilia bahasha sandukuni.
Hakuifungua. Aliiweka juu ya sahani ya mizani
akasoma kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio:
"Gramu mia moja na kumi. Mwenyewe aje achukue."
Mwenyewe hakuja. Ikashinda pale, ikapigwa jua
hadi ikajikunja.

Tusimpake asali. Alikuwa mgumu.
Alilipiga lakiri duka la shemeji yake Nkumba
kwa ajili ya sukari, na Kalunde mkewe
akalala chumba cha watoto mwezi mzima.
Mama yangu alimlaani hadharani
siku alipomkung'utia debe la karanga
na kitako cha pili kikaonekana.
"Hata sisi maskini, Jiwe?"
"Hata maskini ananunua, mama Nyamizi."
Nyamizi ni mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Na ni mimi huyo huyo niliyepelekwa kwake
nikiwa mchanga, mizani ya kliniki ilipokufa springi.
Alinitundika ndani ya kanga
kwenye ndoano ya kupimia nta.
"Kilo nne kasoro robo." Akaandika. Akamtazama mama.
Kesho yake akaleta kibuyu cha asali
na hakusema ni kiasi gani.

Alistaafu. Mafao yakaja pungufu.
Yeye, mtu wa gramu, akakaa na karatasi ile kibarazani
akijumlisha kwa penseli, na kila jumla
ikileta jibu lake, si la Serikali.
Alipanda treni mara nne kwenda Tabora mjini.

Alikufa Jumanne, msimu wa uyoga,
miwani usoni, penseli sikioni.
Kalunde alidhani anahesabu.

Miaka thelathini alipigana na lumbesa,
gunia lililovishwa kilemba juu ya mdomo wake
likauzwa kwa bei ya gunia.
Sasa tazama. Wakaja wa Usoke, wakaja wa Kaliua,
michembe ikimwagika njiani,
mahindi yameshonewa vilemba viwili viwili,
Nkumba na sukari isiyopita kwenye mizani yoyote,
na mchinjaji aliyetozwa faini mara tatu
akikata nyama kwa macho.
Mama alileta karanga. Alilikung'uta debe mwenyewe,
mara mbili, mbele ya wafiwa,
kisha akaongeza.

Shuleni walitufundisha kwamba shairi nalo lina mizani.
Nimejaribu, Bwana Jiwe, nane kwa nane:

Ewe usiyehongeka, sandukuni mwa mninga,
Jiwe chini umeweka, pale pasipo na chenga,
Sindano imeshafika, sifuri, haitatanga,
Nani atatupimia, sasa?

Mstari wa nne umepungua mizani sita.
Najua.
Njoo uupige lakiri.