Sahihi Haifanani

Ghorofa ya pili, Barabara ya Jogoo.
Lifti imebandikwa karatasi: "Inatengenezwa,"
na karatasi yenyewe imekwisha kuwa manjano.
Nimepanda ngazi, magoti yakininung'unikia,
nikapewa nambari mia moja na kumi na saba.
Wa themanini na mbili yuko dirishani,
kainamia kioo kama anayeungama.

Ekai, askari, ananiachia kiti chake.
"Keti, mama. Mtandao umelala.
Ukiamka utaamka na njaa."

Wanaume wawili wananong'ona kando yangu.
Mmoja alimdhamini shemeji,
shemeji akahama, yeye na simu yake,
sasa mshahara unakatwa kwa deni asilolila.
"Udhamini ni ndoa," mwenzake anamwambia,
"ila hapa hata mahari hukupokea."

Saa saba kasorobo, zamu yangu.
Binti wa dirisha la nne ni Moraa, kibao kinasema hivyo.
Kucha zake za zambarau, moja imebanduka.
Anasoma fomu bila kuinua macho:
mkopo wa dharura, shilingi elfu thelathini na tano,
sababu: meno.
"Meno?"
"Meno."
"Mama, dharura ni hospitali, matanga, karo..."
Nikafungua mdomo, nikamwonyesha.
Miaka ishirini na minane nimewapikia watoto wa shule githeri,
nikionja kila sufuria kabla ya kengele,
na leo naonja kwa ufizi.
Akakata "meno," akaandika "matibabu."

Kisha kidole chake kikagota chini ya ukurasa.
"Sahihi haifanani."

Akaingia nyuma. Akakawia.
Nikasikia makabati ya chuma yakivutwa kwa hasira.
Akarudi na kadi ya mwaka wa tisini na sita,
na mimi humo, nywele za kalikiti, shingo ndefu,
na sahihi yenye mkia wa paka aliyeshiba:
R. Shivachi.
Mkia umelizunguka jina lote,
umelifunga kama kamba ya mzigo.
Ya leo ni fupi, imepinda, haina mkia:
R. Mukabwa. Jina la baba.
Kitambulisho nilikibadilisha. Hapa nilisahau.

Kioo kina matundu madogo ya kupitishia sauti.
Moraa akaleta mdomo karibu, asisikike kwenye benchi.
"Na mrithi, mama? Hapa bado ni yeye.
Asilimia mia."

Shivachi!
Aliyekwenda Kitale kutafuta mashine ya kusaga,
akaipata mashine, akampata na mwenye mashine.
Kila mwezi elfu moja na mia tano,
zikinuka moshi wa jikoni,
na mimi kumbe namwekea mwanamume yule
akiba ya kifo changu.

Moraa hakusema pole. Pole ingeniangusha.
Alitoa fomu nyingine, ya kijani,
na kwa kuwa kalamu ya kaunta ilikuwa kamba tu, haina wino,
akapenyeza yake chini ya kioo.
"Andika polepole. Hii ndiyo tutakayolinganisha nayo
kuanzia leo."

Niliandika polepole.
Mrithi: Khasandi, binti yangu, asilimia mia.
Sahihi nikairudia mara tatu, visanduku vitatu,
na ya tatu, sijui kwa nini,
nikaitia mkia. Mdogo.

Mkopo hautoki leo.
Jina jipya linapitia kamati,
na kamati hukaa Alhamisi ya mwisho wa mwezi.
Nirudi na barua ya chifu
na wadhamini wawili wasio na mashemeji.
(Hilo la mashemeji nimeongeza mimi.)
Mia moja na kumi na nane alikuwa amekwisha kukohoa mara nne.

Huko chini nikanunua muhogo wa kuchemsha, wenye pilipili,
nikautafuna nikisubiri kuvuka barabara,
kwa upande wa kushoto,
ambako bado nina mawili yanayokutana.