Fungu la Ndoo

Mwisho wa maombi ni saa sita usiku, saa za kwao;
kwetu Mabibo itakuwa saa tisa, na bando linayeyuka.
Napunguza maneno mia nne yawe mia mbili:
*Eleza pengo la maarifa.*

Pengo nalijua. Liko Magomeni Suna,
nyuma ya nyumba ya Bi Sikujua Mbonde,
pale Msimbazi ulipoingia bila hodi.
Ameliziba kwa bati na magunia ya mchanga.

Ukuta uliobaki una mistari ya mkaa:
huu wa magotini,
huu wa kiunoni, mwaka godoro lilipoondoka
likiwa limetandikwa,
na huu karibu na swichi. Wa lini? Anageuza uso.
Kando, kwa chaki, urefu wa mjukuu wake, Shukuru.
Mtoto na maji wanapimwa ukuta mmoja.
Mpaka sasa maji yanaongoza.

Mimi naita hiyo data ya muda mrefu.
Yeye anaita ukuta.

Nauli. Posho ya msaidizi. Kibali.
Kipima kina cha maji, kinaagizwa nje, ushuru juu yangu.
Majibu ya ufadhili: Septemba.
Masika: Machi.
Nimepanga ratiba upya mara tatu,
mvua imekataa kuhamia Oktoba.

Siku niliyomsomea fomu ya ridhaa,
*una haki ya kujitoa wakati wowote*,
alicheka mpaka akashika kizingiti.
"Walikuja wa rangi nyekundu, wakachora X mlangoni.
Nawe na karatasi yako. Nijitoe niende wapi?"
Halafu, kwa sauti ya sokoni:
"Hiyo pesa ikija, ina fungu la ndoo?"

Saa nane na nusu. Chini ya *Vifaa vya Uwandani*
naongeza: ndoo kubwa, nne, za kuchotea sampuli.
Si uongo.
Kila kinachotolewa chumbani kwake ni sampuli.
Natuma.

Septemba barua ikaja. Wamesifu mbinu,
wamesifu nadharia, ambayo hata mimi siielewi vizuri.
Swali moja tu: kwa nini ndoo nne?

Nikapiga simu Suna.
Alikuwa anapaka chokaa, akiiruka mistari,
mmoja mpya, umepita swichi.
"Waambie umekosea," akasema.
"Andika sita."